Tanzia ya Jumamosi, Saa Nane Mchana

Baba yangu aliacha kusema nami kwa sababu ya ngeli. Wapo watu waliogombana na baba zao kwa ajili ya shamba, au mke, au dini, na hayo ni magomvi ya maana ambayo mtu anaweza kuyasimulia mbele za watu. Mimi na wangu tuligombana kwa sababu ya neno "hii".

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nimerudi kijijini kwetu Kichiwa na cheti na viatu. Baba, ambaye alikuwa mpasua mbao na mzee wa kanisa, alichinja kondoo akamwalika mchungaji. Mchungaji huyo hakuwa Mbena kama sisi. Alitoka upande wa ziwani, na Kibena chake kiliishia kwenye salamu ya "kamwene". Kwa hiyo baba aliombea chakula kwa Kiswahili, lugha aliyoiokota ukubwani kwenye kambi za wapasua mbao, ili mgeni asijione ametengwa. Alisimama, akafumba macho, akasema, "Bwana, bariki hii chakula."

"Hiki chakula," nikasema.

Sikusema kwa ubaya. Nilikuwa nimetoka kwenye mazoezi ya kufundisha, mdomo umezoea kusahihisha kabla akili haijaulizwa. Baba hakufumbua macho. Akaendelea, "Na bariki hii kijana yangu, wewe umerudisha yeye salama."

"Huyu kijana," nikasema. "Umemrudisha."

Sahihisho la kwanza ninaweza kulitetea mpaka leo, nikibanwa sana. La pili sina la kusema. Nilikuwa naombewa baraka mimi mwenyewe, mbele ya mchungaji, nami nikaisimamisha njiani ili irekebishwe. Mchungaji alikohoa. Baba akasema amina, akakaa, akala vizuri tu, na tangu mlo ule hakunisemesha tena. Nikienda nyumbani alizungumza na mama mambo yaliyonihusu, nami nimekaa hatua mbili kutoka kwake: "Mwambie mwanao mlango uko wazi, kuku wanaingia." Hakuwa hata na hasira. Alikuwa ameniweka kando kama msumeno uliokatika meno, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

Dawa ilikuwa moja na Kichiwa nzima iliijua: niende, nikae chini, niseme nimekosa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja mpaka Njombe nilikokuwa nafundisha ili aniambie hivyo ana kwa ana. Nilimjibu kwamba kosa ni kosa hata likiwa ndani ya sala. Aliomba maji ya kunywa, akaondoka. Miaka miwili ikapita hivyo, na kila mwezi wa hiyo miaka niliamka nikiwa na hakika kwamba safari hii baba ndiye atakayeanza.

Shule yenyewe ilikuwa ya misheni, madarasa sita na ukumbi mmoja wenye baridi ya kutosha kuhifadhi nyama. Mkuu wetu, mzungu mpole aliyependa vitabu kuliko alivyopenda kula, alinikuta siku moja nikijisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba nimemaliza vitabu vyote vya kabati la shule. Akaniletea kimoja kutoka nyumbani kwake. Kilikuwa na michezo ya kuigiza ya Wayunani wa kale, kwa Kiingereza, bila jalada. Nilikisoma Jumapili baada ya Jumapili, nimejifunga blanketi, ukungu umeziba dirisha. Theluthi moja nilielewa, theluthi ya pili nilikisia, na ya tatu ilikuwa imeshaliwa na panya.

Hata hivyo kile nilichokipata kilinikamata kwelikweli. Mtu mkubwa, mwenye akili na heshima zake, anashika neno moja analodhani ni haki yake. Anaonywa na wazee, anaonywa na ndugu, anaonywa na mpita njia. Hasikii. Kuna kundi la watu wanaosimama pembeni wakiimba huzuni yao huku wakimwona anavyokwenda shimoni, na mwisho anakuja mjumbe mbio kueleza yale mabaya yaliyotokea nyuma ya nyumba, kwa maana Wayunani hawakupenda watu wafe mbele ya watazamaji. Nilisoma nikijipiga paja. Niliona humo watu wote ninaowafahamu! Nilimwona jumbe mmoja wa kwetu aliyekataa kulihamisha zizi lake kutoka kwenye mkondo wa maji. Nilimwona mnyapara wa mashamba ya miti ya miwati. Nilimwona hata baba yangu, mzee mgumu anayempoteza mwanawe kwa ajili ya neno dogo, na nikamhurumia sana. Mimi mwenyewe sikujiona popote. Nilikipitia kitabu chote, isipokuwa sehemu ya panya, na sikujiona hata mara moja.

Pale shuleni tulikuwa na baraza la mazungumzo, Jumamosi moja kila mwezi. Walikuja walimu, makarani wawili watatu wa Boma, msaidizi wa dispensari, na watu waliofuata chai na viazi vya kuchemsha. Mwezi uliotangulia mtu alikuwa amezungumza juu ya mbolea ya samadi, na kabla yake mwingine juu ya mizinga ya nyuki. Niliona ni wakati wa kuwainua. Nikatangaza kwamba nitazungumza juu ya michezo ya huzuni ya Wayunani na maisha yetu ya leo.

Shida ikawa jina. Niliyekaa naye nyumba moja alikuwa mwalimu Mkinga, mtu mtulivu ambaye alifua mashati yake kila Ijumaa na hakuwahi kutaka kuonekana. Alinishauri niandike tu "hadithi ya huzuni".

"Watu wataelewa," alisema.

"Ndiyo maana siwezi kuandika hivyo," nikamjibu, na sikuwa nafanya mzaha.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu nikafungua kamusi kubwa. Chini ya lile neno la Kiingereza palikuwa na maneno kadhaa. Lilikuwapo "msiba", nikaliacha, kwa sababu hata bibi zetu walilijua. Mwishoni kabisa nikakuta "tanzia". Sikuwa nimelisikia maishani. Nilililainisha mdomoni mara mbili tatu, nikaona ndilo, kwa sababu hiyo hiyo ya kutolijua. Sikujiuliza watu waliozaliwa ndani ya Kiswahili wanalitumia kwa kazi gani. Mimi niliyemsahihisha baba yangu mbele za Mungu nilichukua neno nisilolijua, nikaliandika kwa wino mwekundu.

Tangazo langu lilikuwa hivi. Juu, kwa herufi kubwa: TANZIA YA MWALIMU, na jina langu lote, pamoja na la baba. Chini yake: Wayunani na Maisha ya Leo. Kisha: Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa shule, Njombe. Wote mnaalikwa. Kwaya itaimba.

Nilinakili matano. Manne niliyabandika hapo hapo Njombe, ambako kila mtu alikuwa ameshachoka kunisikia nikieleza maana yake. La tano nilimpa dereva wa lori alipeleke Makambako, kwenye duka moja la njia panda, libandikwe ukutani. Makambako hapakuwa na baraza wala hamu ya Wayunani. Palikuwa na magunia ya mahindi na malori yanayopoza injini. Lakini watu wa Kichiwa walipeleka pareto yao kwenye duka lile. Nilitaka mtu wa kwetu alione, arudi na habari, baba asikie kwamba mwanawe anaalika watu wa Boma kuja kumsikiliza. Nilihesabu kwamba akishasikia hivyo atalegea mwenyewe, atanitumia salamu, nami nitazipokea kwa ukarimu. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha nzima ya Wayunani.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye, na aliyenisimulia alikuwa karani wa duka lile mwenyewe, mtu wa pwani aliyepelekwa na kazi mpaka kwenye baridi yetu. Alipokea karatasi Jumatatu jioni. Akasoma mstari wa juu, akavua kofia. Kwao, tanzia ni taarifa ya kifo na si kitu kingine. Watu wakipokea tanzia wanajua kwamba kuna maiti. Akawaita waliokuwa dukani akawasomea kwa sauti ya chini: mwalimu fulani, mwana wa fulani wa Kichiwa, amefariki.

Mtu mmoja aliuliza Wayunani wanahusika vipi. Mwinjilisti aliyekuwa pale ananunua chumvi alifafanua, kwa ujuzi wake wa Maandiko, kwamba Wayunani ndio Wagiriki. Basi hapo jambo likawa wazi kwa wote. Kulikuwa na Mgiriki mmoja mwenye shamba la tumbaku upande wa Iringa, ambaye lori lake lilipita Makambako kila wiki kwa mwendo mkali. Lori la Mgiriki limemgonga mwalimu. Maneno "Maisha ya Leo" yalichukuliwa kuwa kichwa cha mahubiri, na yakasifiwa. Kuna aliyeshangaa maiti kukaa toka Jumatatu mpaka Jumamosi bila kuzikwa, lakini karani alimtuliza: Wazungu huchelewa kuzika, na baridi ya Njombe si ya kuharibu kitu. Habari ikabebwa na wauza pareto, ikafika Kichiwa Ijumaa.

"Mwalimu," karani aliniambia siku tulipoonana, "mimi sikukuzulia. Nilisoma ulichoandika."

Ndivyo nilivyokufa, na nikawa mtu wa mwisho kupata habari.

Jumamosi ikafika na jua kidogo. Ukumbi ulijaa kuliko siku ya samadi, jambo lililonivimbisha kichwa. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Ili watu waelewe lile kundi la waimbaji wa Wayunani, niliwaomba kwaya ya kanisa wajifiche nyuma ya ukumbi. Nikiinua mkono wa kulia, waanze kuomboleza polepole, wasikilizaji wapate kusisimka. Tulikuwa tumefanya mazoezi mara tatu, na kila mara sauti ya pili ilicheka.

Nilianza vizuri. Nilieleza kiburi ni nini. Nilieleza kwamba kiburi cha hawa wakuu hakikuwa ubaya. Kilikuwa ni kuwa na haki kidogo na kuishikilia kupita kiasi. Nilikuwa nimeandika mifano kumi ya maisha ya leo, na nilipofika mfano wa sita, yule jumbe na zizi lake, kikasikika kilio nje.

Kilikuwa kilio kikubwa, cha wanawake wengi, cha kukata maini. Na mkono wangu ulikuwa bado mfukoni.

Nilikasirika. Mazoezi mara tatu, na bado wameanza kabla ya wakati! Nikawaomba radhi wasikilizaji, nikaenda dirishani kwa hatua za mwalimu, nikalisukuma wazi, nikapiga kelele, "Bado! Nani kawaambia muanze? Nyamazeni mpaka niinue mkono!"

Aliyekuwa mbele kabisa, kanga kichwani, mikono juu, alikuwa mama yangu.

Nyuma yake palikuwa na shangazi, na wanawake kama kumi na watano wa Kichiwa, wamebeba unga, kuni, kuku, na sufuria. Nyuma yao, lori. Walikuwa wamengoja Makambako tangu alfajiri kwa sababu lori la kwanza lililofika lilikuwa la Mgiriki, nao waligoma kulipanda, na dereva wake alitukanwa kwa Kibena mpaka akaondoka bila kujua kosa lake. Na kwaya yangu, wale watu waliochekacheka kwenye mazoezi, waliposikia kilio cha kweli kinapita karibu yao waliungana nacho bila kuuliza ni nani aliyekufa.

Kilio kilikatika ghafla. Mmoja wa wanawake alitupa kuku akakimbia. Mama alisimama akinitazama mdomo wazi, kisha akaja mpaka dirishani, akaingiza mkono, akanishika shavu, akalifinya kwa nguvu apate hakika. Halafu akanipiga kofi. Halafu akalia upya, kilio kingine kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Juu ya kichwa chake nilimwona baba. Alikuwa amesimama kwenye lori kati ya mbao ndefu, kofia mkononi. Alinitazama. Kisha akavaa kofia, akainama, akaanza kufungua kamba za zile mbao moja moja, taratibu, kama mtu aliyeletwa pale na kazi hiyo tu.

Nje palikuwa na upepo mkali, kwa hiyo mkuu wa shule aliwakaribisha waombolezaji ndani na kuagiza chai. Mwenzangu Mkinga alimsomea shangazi tangazo langu neno kwa neno, akamweleza nilichokusudia. Nilitaka kuufunga mkutano. Shangazi alikataa.

"Tumetoka mbali," alisema, akikaa kwenye benchi la mbele na kuku wake chini ya miguu. "Nimelia mpaka sauti imekauka. Basi atumalizie, tujue alijiua kwa ajili ya nini."

Nikamaliza, kama mtu anayesoma hukumu yake. Niliacha mifano minne iliyobaki. Niliwaeleza tu juu ya mfalme mmoja anayeambiwa na kila mtu arudi nyuma, naye hataki, kwa sababu alichosema mwanzoni kilikuwa sahihi.

Sijapata kuona baraza likizungumza vile. Msaidizi wa dispensari alisema mfalme huyo anamwona kila wiki: mzee anayekataa mgonjwa wake aletwe dispensari kwa sababu aliyetoa shauri ni shemeji yake. Karani mmoja wa Boma alisema hata Bwana Shauri, mkubwa wao wa Boma, huwa anaonywa, kisha akatazama mlango, akasema alikuwa anataja mfano tu. Mama aliuliza, macho yamevimba, mama yake mfalme alikuwa wapi wakati huo wote. Nilisema kitabu hakielezi.

"Na hao waimbaji?" shangazi aliuliza. "Wanaona mtu anakwenda shimoni, wao wanaimba?"

"Ndiyo desturi ya mchezo, shangazi. Hawaruhusiwi kumshika."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Kwetu wangetozwa mbuzi," alisema, na wanawake wote wakaitikia. "Mwisho wake nini?"

Hapo nilitazama karatasi zangu. Nilikuwa nimetunga mwisho wangu, mzuri sana, wenye ngurumo. Lakini shavu lilikuwa bado linawaka, na nikashindwa kuusema.

"Sijui," nikasema. "Kurasa za mwisho zililiwa na panya."

Watu walicheka, na makarani wa Boma walicheka kuliko wote. Shangazi hakucheka. Alisimama, akanishika mkono wa shati mbele ya ukumbi mzima, akanivuta kutoka nyuma ya meza hadi mlangoni kama nilipokuwa na umri wa miaka sita.

"Mimi siyo Myunani," alisema. "Mimi nakushika. Mdogo wangu yuko nje peke yake kwenye baridi. Ameshusha mbao za jeneza lako. Nenda."

Alifunga mlango nyuma yangu.

Baba alikuwa ameketi juu ya mbao kando ya ukuta, mahali pasipofikiwa na upepo. Zilikuwa mbao sita, zimepigwa randa, nyeupe na safi. Nilizifahamu. Alikuwa akizikausha kwa mwaka mzima kwa ajili ya mlango wa kanisa, na hakumruhusu mtu hata kuziegemea. Ijumaa alikuwa amezikata kwa kipimo changu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kwa miaka miwili, moja ya kupokea radhi yake na nyingine, ya akiba, ya kuomba yangu. Zote zilikuwa kwa Kiswahili safi. Hakuna hata moja iliyonijia. Nilichuchumaa mbele yake kwenye majani yenye maji, na viatu vyangu, nikamwambia kwa Kibena kwamba nimekosa. Kisha nikasema tena. Kisha nikaanza kulia, si machozi ya heshima, kwikwi kabisa, kamasi na yote, huku nikijua kwamba nusu ya Boma imesimama dirishani.

Baba aliondoka juu ya zile mbao, akachukua moja, akaisimamisha wima kando ya ukuta, akanionyesha kwa kidevu nisogee. Nikasimama nikaiegemea kwa mgongo. Ilinifika sikioni tu. Akairudisha chini akatoa mfukoni kamba yake ya kupimia, ile ambayo wapasua mbao huipaka mkaa ili kupiga mstari. Ilikuwa na fundo. Nilimwona akilitazama lile fundo na kunitazama mimi, akilirudia, na nikafahamu lilikuwa la nini: alilifunga siku aliponitengenezea kitanda, nilipokuwa nakwenda shule ya bweni, na usiku wa kuamkia msiba wangu hakuwa na kipimo kingine. Kwa hesabu yake ningezikwa nikiwa na miaka kumi na mitatu.

"Simama vizuri," alisema.

Nikasimama. Alipiga goti, akaubana mwanzo wa kamba chini ya kisigino changu, akainuka nayo polepole mgongoni, kiunoni, mabegani, mpaka juu. Alifunga fundo jipya. Mkono wake ulibaki juu ya kichwa changu muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji, nami sikusogea.